Bi Nesi wa Chemba na Bwawa

Kabla hajakujibu salamu, Bi Nesi alikunusa kichwa. Alisimama mlangoni pa ghala, miwani imemshuka puani, akakuinamisha kidogo kwa mkono mmoja na kuvuta pumzi juu ya mtandio wako. Akisikia harufu ya mafuta ya nazi, basi safari yako ya siku ile imekwisha. "Rudi ukaoshe nywele," alisema, "kisha njoo Alhamisi." Hakujali kwamba umepanda mabasi mawili kutoka Southall, magharibi mwa London, wala kwamba nje mvua inamwagika. Ndani ya ghala lile mlikuwa na chemba ya oksijeni, na penye oksijeni nyingi mafuta hushika moto kwa jambo dogo kabisa. Sisi wanawake wa Pwani, tuliopakwa nazi tangu tukiwa wachanga, tuliona tunaonewa. Yeye aliona ni kanuni, na kanuni kwake haikuwa na shoga wala jirani.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Wazanzibari wenzake walimwita Bi Nesi, Wakongo wakamwita Mama Nesi, na wazee wa Kiingereza walioendesha kituo kile cha ghalani walimwita "Binesi", neno moja, wakiamini ndilo jina aliloandikwa kwenye pasipoti. Hakuwasahihisha hata mara moja.

Mimi alinipata kwenye harusi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, ukumbi wa kukodi huko Walthamstow, na nilikuwa narudi mezani kutoka msalani nikakuta mtu mzima nisiyemfahamu amekalia kiti changu.

"Nimekuhesabu," akaniambia. "Mara nne tangu biriani ipakuliwe. Na kila ukirudi umeshika ubavu. Upi unauma, wa kushoto?"

Nikaona haya. Nikasema ni baridi tu.

"Baridi haimfanyi mtu akunje uso hivyo. Mimi ni nesi. Nambie."

Nikamwambia, kumbe nilikuwa nangoja kuulizwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, karani katika ofisi ya nyumba za halmashauri. Kwa miaka mitatu maambukizi ya figo yalikuwa yanakuja na kuondoka kama mpangaji mwenye ufunguo wake mwenyewe. Homa, mgongo unawaka, mkojo unachoma, vidonge wiki mbili, nafuu, kisha tena. Picha za hospitali zilionyesha figo la kushoto lina makovu na limesinyaa. Daktari bingwa, bwana mmoja mrefu aliyeongea taratibu, alinieleza kwamba mambo yakiendelea vile huenda nikalipoteza, na kwamba nikitaka kubeba mimba tuzungumze kwanza. Nilitoka pale sikumwambia hata mume wangu lile neno la mwisho. Bi Nesi nilimwambia, ngoma inapigwa na watu wanacheza.

Hakusema pole. Alisema, "Umeleta karatasi za maabara?"

"Harusini?"

"Basi njoo nazo Jumanne, kwenye kituo chetu cha oksijeni."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimweleza unavyojisikia, alitazama pembeni. Ukimpa karatasi yenye matokeo ya mkojo, alivaa miwani na uso wake ukafunguka kama anasoma barua ya mpenzi.

Lazima nieleze chemba yenyewe. Ilikuwa pipa kubwa la chuma lililolazwa, lenye madirisha madogo ya duara na viti sita ndani, watatu wakiwatazama watatu. Ilinunuliwa kwa michango ya watu wenye maradhi ya mishipa ya fahamu, ambao walihisi inawapunguzia uchovu. Saa ambazo viti vilikuwa wazi, waliruhusu wagonjwa wengine wenye barua ya daktari wao. Mlango ulifungwa, hewa ikasukumwa ndani, masikio yakaziba kama kwenye ndege inayoshuka, kisha mkavaa barakoa na kuvuta oksijeni tupu kwa saa nzima. Nguo zilikuwa za pamba peke yake, kwa hiyo kanga zetu zilikubaliwa bila swali, na hilo lilitupa fahari kidogo. Bi Nesi alikaa nje kwenye vali za hewa na saa za kupimia mgandamizo, akiongea nasi kupitia kipaza sauti kilichokwaruza.

"Mezeni mate! Wewe wa mwisho, usilale, meza mate!"

Aliyekaa mbele yangu siku nyingi alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, mfanya usafi wa ofisi za mjini, naye ana tatizo kama langu. Yeye aliomba zaburi kimoyomoyo, mimi nilivuta uradi, na tukitoka tulicheka kwa sababu barakoa zilituachia alama nyekundu puani kama vinyago.

Lakini chemba kwa Bi Nesi ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa maji, na hapo ndipo tulipokutana na maisha yake ya nyuma, ambayo aliyatoa kwa vijipande tu. Ujanani alipelekwa Urusi kusomea uuguzi, na akafanya kazi miaka kadhaa katika mji mdogo chini ya milima, wenye chemchemi za maji ya madini. Wagonjwa wa figo waliletwa huko kwa garimoshi. Walioga maji ya uvuguvugu kwa dakika zilizopimwa, wakanywa maji ya chemchemi kwa vikombe, na waliodhoofika sana waliwekewa oksijeni. Vyote viwili pamoja, alisisitiza, na juu yake dawa. "Si hiki badala ya kile," alisema, akigonganisha vidole vyake viwili. "Hiki na kile na kile."

Sasa London mtu atapata wapi chemchemi? Alitafuta. Halmashauri ilikuwa na bwawa, na kando ya bwawa kubwa kulikuwa na dogo la maji ya moto kwa ajili ya wazee wenye viungo vibovu. Alitaka saa moja kwa wiki, wanawake peke yao. Meneja akasema ratiba imejaa. Jumanne iliyofuata Bi Nesi akaenda tena, na Jumanne nyingine, akiwa na chupa yake ya chai na kitambaa cha kufuma, akakaa mapokezi. Mwishowe meneja akamwita ndani akamuuliza hao wanawake wake wataingia majini na nguo gani. Bi Nesi akafungua mfuko akatandaza mezani suruali na shati refu.

"Nimezifua mara tatu," akamwambia kwa Kiingereza chake cha kunyooka. "Hazitoi rangi. Unataka nizifue mbele yako?"

Tukapewa Alhamisi alasiri, na mlinzi wa bwawa mwanamke. Madirisha ya upande wa barabarani tuliyafunika kwa kanga zetu wenyewe, tukazibana kwa vibanio vya nguo. Jua hafifu la London lilipita kwenye zile nyekundu na manjano likaanguka juu ya maji. Tulisimama ndani hadi kifuani, wanawake saba au wanane, mgongo umelegea kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kwake haikuwa starehe. Alisimama ukingoni na saa mkononi. Dakika zikiisha, toka. Ukijitia husikii, aliita jina lako kamili pamoja na la baba yako.

Kisha maji ya kunywa. Duka la Mpolandi mmoja liliuza maji ya madini ya chupa yenye ladha ya msumari na yai bovu. Aliyapasha moto kidogo, akatumiminia vikombe, akatuamuru tunywe kwa mafunda madogo huku tukitembea, maana kule milimani wagonjwa walitembea bustanini na vikombe vyao. Sisi bustani yetu ilikuwa maegesho ya magari nyuma ya bwawa. Hebu tazama: makoti ya baridi, mitandio, kanga zenye maji zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki, na kila mmoja na kikombe, tunazunguka magari kama mahujaji waliopotea njia. Siku moja polisi wawili walisimamisha gari wakauliza kuna nini. Bi Nesi akawapa kikombe. Mmoja akaonja, akafumba macho, akasema endeleeni tu.

Mwenyewe hakunywa maji yale. Alikunywa soda nyeusi, kopo baada ya kopo, na chipsi zenye chumvi kuliko samaki wa ng'onda. Alituhimiza tupumzike, naye alifanya zamu za kulea wazee katika nyumba ya kutunzia watu huko Kenton siku sita kwa wiki. Ghala alilifagia mpaka ukaona uso wako sakafuni, lakini nyumbani kwake ulipita ubavuubavu kati ya magazeti ya zamani na masanduku yasiyofunguliwa tangu alipowasili. Hakupitwa na sala hata moja, ila mtu akisahau vidonge vyake kisha akasema Mungu atajalia, alimtolea macho. "Mungu alijalia kidonge. Wewe ukakiacha kwenye droo."

Neno hilo liliniangukia mimi.

Baada ya miezi michache nilikuwa mzima. Nilikuwa nalala, nakula, hata nilikimbilia basi. Daktari bingwa alikuwa ameniandikia antibayotiki ya dozi ndogo, ya kila siku usiku, ya kuzuia. Nilianza kuruka siku. Kisha nikaacha kabisa, nikijiambia kwamba mwili umeshapata hewa na maji, unataka nini zaidi? Sikumwambia Bi Nesi, wala mume wangu.

Alhamisi moja nilifika ghalani nikihisi ubaridi mifupani. Akaniinamisha kichwa kama kawaida yake, lakini hakunusa. Mkono wake ulibaki kwenye paji la uso wangu.

"Lini umeacha dawa?"

"Sijaacha, Bi Nesi."

"Nimeuliza lini."

Nikaanza kutetemeka pale pale, meno yanagongana. Kumbukumbu yangu ya saa ile imekatika vipande: Mama Furaha ananivalisha koti lake, Bi Nesi anamkabidhi mzee mmoja vali za chemba, teksi, mkono wake umenibana kiganja. Hospitali, kijana wa mapokezi alitaka nikae foleni. Bi Nesi hakupaza sauti. Aliinama dirishani akamtajia joto langu, mapigo yangu, historia ya figo langu na jina la bakteria wa mara ya mwisho, akamaliza kwa kusema, "Andika pia saa tuliyofika, tafadhali." Nikaingizwa.

Nililazwa na dripu siku nane. Siku ya tatu homa ilipopungua alikuja, akaketi. Nilijiandaa kutukanwa. Alikuwa amekasirika kweli, niliona kwa jinsi alivyokunja leso. Lakini alichosema kilinishtua.

"Kosa ni langu."

"Bi Nesi, mie ndiye niliyeacha."

"Nilikufurahisha kuliko nilivyokufundisha. Mkawa mnapiga hadithi majini, mnacheka, nami nikapenda kuona mnacheka. Sikuwauliza habari za vidonge kila wiki. Kule nilikotoka ningefukuzwa kazi." Akakunjua leso, akaikunja tena. "Figo lako lingekwenda, mwanangu, na mimi nimesimama pale na saa mkononi."

Nilipotoka, mambo yalibadilika. Hakuna aliyeingia chembani wala majini bila kumwonyesha kopo la vidonge na karatasi mpya ya mkojo. Mwenye homa, hata kidogo, moja kwa moja kwa daktari. Wawili waliudhika wakaacha kuja. Kisha Bi Nesi akafanya jambo ambalo nadhani lilimgharimu kuliko yote: alimwandikia barua daktari wangu bingwa. Aliandika, akachana, akaandika. Mimi nilimsaidia Kiingereza, na kila nilipolainisha sentensi alirudisha yake. Alieleza bila kuficha anachotufanyia, akauliza kama kuna dhara.

Yule bwana mrefu alimwalika kliniki. Nilikuwepo. Bi Nesi alivaa baibui jipya na alibeba bahasha yenye vyeti vyake vya Kirusi, ambavyo hakuna ofisi hapa iliyowahi kuvifungua hadi ukurasa wa pili. Daktari alivipokea kwa mikono miwili. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini aligeuza kila ukurasa.

"Siwezi kukwambia kwamba oksijeni na maji vinaponya figo," akasema. "Sina ushahidi wa kutosha."

"Najua," akajibu Bi Nesi.

"Siwezi kusema vinadhuru pia, kwa mgonjwa asiye na homa na anayemeza dawa zake. Ila ukiniuliza nani kati ya wagonjwa wangu wanaokuja kliniki bila kukosa na karatasi zao mkononi, ni hawa wako."

Bi Nesi akatazama chini. Nilidhani anatafuta neno la Kiingereza. Kumbe alikuwa anajizuia kulia.

Daktari ndiye aliyemsukuma ajaribu tena kujisajili hapa kama muuguzi. Alikuwa amejaribu zamani, akaanguka mtihani wa lugha mara mbili, akasusa. Sasa akarudi darasani akiwa na zaidi ya miaka hamsini, ingawa mwenyewe alidai arobaini na sita kila mwaka. Sisi ndio tuliomsikiliza imla, tumesimama majini, yeye ukingoni anatamka maneno marefu ya hospitali na sisi tunamsahihisha. Mama Furaha, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, alimsahihisha kwa sauti kuliko wote. Alianguka tena, kisha akapita. Siku ya kwanza ya sare alipita bwawani kabla ya zamu ili tumwone, akazunguka mara moja kama bibi harusi, akasema tumechelewa kutoka majini.

Kuhusu mimba, nilimwendea yeye kabla ya kumwambia mama yangu kwa simu. Ilikuwa mwaka wa pili tangu nilazwe, karatasi safi mwaka mzima, daktari ametoa ruhusa kwa masharti mengi. Nilimkuta ghalani anapangusa barakoa. Nilipomwambia, aliziweka chini zote.

"Haya, toka humu."

"Vipi?"

"Chemba basi. Maji ya moto basi. Yale ya chupa, basi vilevile. Kuanzia leo wewe ni wa hospitali, na huku usikanyage."

Nilihisi kama nimefukuzwa. Nilizoea kuamini kwamba pale ndipo ninaposhikiliwa. Lakini alinishikilia kwa njia nyingine. Kila Jumapili alinipigia simu akiuliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule: homa, mgongo, mkojo, mtoto anacheza. Mwezi wa saba maambukizi yalirudi, yakawahiwa siku ile ile kwa sababu nilipojibu swali la pili nilisita, naye akasikia kusita kwangu. Binti yangu alizaliwa mapema kidogo, mdogo kama paka, na mapafu ya kutosha kuamsha wodi nzima. Bi Nesi alikuja amevaa sare, akamtazama mtoto, kisha akachukua faili langu kutoka kitandani akasoma karatasi ya figo kwanza.

"Limesimama pale pale," akasema. "Halijasinyaa zaidi." Ndipo akamchukua mtoto.

Miaka ikapita, nasi tukatawanyika. Kituo kilihama, bwawa likafungwa kwa matengenezo na saa yetu haikurudi. Bi Nesi alistaafu. Tulipigiana simu siku za Idi, kisha hata hizo zikapungua, si kwa ugomvi bali kwa London tu.

Mara ya mwisho kuonana naye uso kwa uso ilikuwa sokoni Walthamstow, Jumamosi moja ya kiangazi katikati ya miaka ya elfu mbili. Binti yangu alikuwa na miaka minane. Nilisikia sauti kwanza, inabishana na muuza samaki kuhusu macho ya samaki. Amekonda, ana fimbo, lakini muuza samaki ndiye aliyekuwa anashindwa.

Tulikumbatiana katikati ya njia, watu wakitupita na mikokoteni yao. Akaniambia anaondoka mwezi ujao. Hospitali ndogo Pemba imemwita akawafundishe wahudumu wa wodini.

"Utawafundisha oksijeni na maji?" nikamtania.

"Nitawafundisha kunawa mikono. Wakishajua hilo, tutaona." Akamgeukia binti yangu. "Nawe unasoma vizuri?"

Binti akamjibu kwa Kiingereza kwamba ndiyo, hasa sayansi. Bi Nesi akaitikia kwa kichwa kana kwamba jambo limetiwa saini.

Kulikuwa na swali ambalo sikuwahi kumuuliza. Labda niliogopa jibu, na labda niliona ni utovu wa adabu. Lakini alikuwa anaondoka.

"Bi Nesi, nambie kweli. Ilikuwa ile oksijeni? Au maji? Au ni vidonge tu?"

Akabadilisha fimbo mkono.

"Sijui," akasema. "Nimelifikiri sana hilo. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya, na umri huu siutaki uongo. Vidonge vilifanya kazi kubwa, hilo andika. Hayo mengine..." Akatazama samaki, akatazama paa za maduka. "Ulikuja harusini unaogopa mwili wako kama mtu anayeogopa mbwa wa jirani. Baada ya mwaka ulikuwa unausikiliza. Sijui tuiiteje hiyo dawa. Lakini ulipona, nami nilikuwepo, nimeona."

Basi lake likaja. Nilitaka kumbebea mfuko wa samaki, akakataa. Alipanda polepole, mguu mmoja, fimbo, mguu wa pili, watu nyuma yake wakianza kuguna. Nilimsikia akimwambia dereva, kwa Kiingereza kile kile cha kunyooka, kwamba asiondoe gari mpaka yeye aketi vizuri.

Dereva akangoja.